Juisi Si Sukari

Binti yangu alipoona nimebaki peke yangu katika nyumba hii ya Mbeya, aliniletea blenda kutoka kwake Iringa, akaiweka mezani na kunipa amri: kila jioni karoti, bitiruti, machungwa na tangawizi. "Baba, juisi inaongeza damu." Nikamwambia mimi si mtoto wa kliniki. Akacheka, akapanda basi, akaniacha na mashine inayopiga kelele kama ya kukoboa mahindi.

Nilikunywa. Tusidanganyane, ilinifaa. Tangu mama yake afariki nilikuwa nakula ugali na chochote kilichopo, na mboga nilizozikimbia sahanini sasa zilipita bila ubishi. Mwili ukachangamka.

Lakini nilichokitaka hasa ni simu. Kila jioni: "Shikamoo baba. Umekunywa juisi?" "Marahaba. Nimekunywa." Kisha ananihoji: karoti zilikuwa kubwa? Umechuja? Nami najieleza weee, mpaka habari za maganda. Siku nzima hakuna mwingine aliyeniuliza neno.

Juzi kliniki, muuguzi alinipima damu akakunja uso. "Mzee, sukari imepanda. Unatumia sukari?"

"Sukari? Niliacha zamani. Chai yangu haina hata chembe, muulize yeyote." Nikajishtukia. Yeyote nani?

"Na juisi?"

"Aa, juisi si sukari, mama. Ni matunda."

Kwetu sukari ni ile ya kijiko. Iliyomo kwenye chungwa hatuihesabu. Akanieleza taratibu. Machungwa manne huwezi kukaa ukayala, alisema, ila ukiyakamua unayamaliza kwa pumzi moja, na makapi yanayoizuia sukari isiingie mwilini kwa kasi umeshayatupa. Kula chungwa lenyewe. Karoti itafune. Juisi iache kwanza.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Juisi potelea mbali! Nilichowaza ni binti yangu atanipigia kwa lipi. Ana kazi, ana mume, ana watoto, na sisi wawili hatukuwahi kuwa watu wa maongezi. Aliyekuwa anaongea naye ni mama yake. Nikafikiria kumdanganya. Ningeweza kusema nimekunywa mpaka siku ya kuzikwa. Ila kumdanganya mtu pekee anayekuulizia, hapana, nilishindwa.

Simu ilipoita nikamweleza yote, alivyosema muuguzi. Nikawasikia wajukuu wakigombana nyuma yake.

"Sasa baba," akasema, "nitakuwa nakuuliza nini?"

"Niulize kama nipo."

Hakucheka.

"Upo, baba?"

"Nipo," nikasema.