Ufa Usioshika Jalidi

Mariamu, mjukuu wangu, andika nisemavyo wala usipambe. Sikukanyaga darasa, lakini neno langu likipindwa nalijua.

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufagio wa nyaya za chuma, nikaambiwa nifagie mpaka lami ing'ae. Nilikuwa nimetoka Tanga, napanga chumba Alexandra, kitongoji cha mji huu wa dhahabu, na kampuni iliyonichukua ilipaka upya njia za magari za majumbani, zile zitokazo getini hadi gereji. Hiyo ni kazi ya kinga. Baridi ya Juni huikausha lami ikawa kama ngozi isiyopakwa mafuta. Ikipasuka, jalidi, yaani ule umande mweupe ulioganda, huingia katika nyufa na kuzipanua. Mvua za Oktoba humalizia. Kwa hiyo tulipaka kabla baridi haijakomaa, jua lingali na nguvu ya kukausha.

Msimamizi wetu, mtu wa Soweto tuliyemwita Fomani, alinifundisha kutumia skwiji, ubao wenye ukingo wa mpira wa kusukumia lami ya maji. "Anzia gereji, bra, rudi kinyumenyume hadi getini," alisema; bra kwao ni ndugu. "Ukianzia getini utajifungia ndani, na mkeo atakuja kukudai kwangu."

Alinifundisha pia kugonga. Kabla ya kuziba ufa, piga nyundo kando yake usikilize. Mlio mzito, lami imeshiba. Mlio wa debe tupu, ina njaa, na yenye njaa hushindiliwa kokoto kwanza. Miaka yote hiyo sikupata kuona kanuni hiyo ikikosea.

Mwenzangu wa skwiji alikuwa Ilunga, Mkongomani wa Lubumbashi, mtoto wa mchimba madini. Mdogo wake, Kasongo, aliingia katika mashimo ya dhahabu yaliyoachwa chini ya mji huu, akichimba kwa siri, na hakutoka. Ilunga hakumfanyia matanga. "Nalilia nani, yaya?" alikuwa akiniuliza; yaya kwao ni kaka mkubwa. "Maiti hakuna. Nikilia naye iko muzima, nitakuwa nimemuzika mimi."

Basi asubuhi moja ya Mei tulifika Kensington, kwa mama mzee mjane. Jalidi lilikuwa limefunika kwa weupe bustani na njia yote ya gari, isipokuwa ufa mmoja mwembamba katikati, uliobaki mweusi na mkavu kama mstari wa wino. Ilunga alivua glavu, akauwekea kiganja.

"Yaya, iko na joto. Hii ni pumuzi."

Niligonga. Lami ilikuwa na njaa kuliko yoyote niliyowahi kusikia. Kisha, kutoka chini, sisi tukagongewa: polepole, kama na mtu aliyechoka mkono. Ilunga akagonga, akanyamaza. Chini wakagonga, wakanyamaza.

"Bomba la maji hilo," alisema Fomani. "Zibeni."

"Bomba gani, chef, inangojaka mutu amalize kwanza?" Ilunga alimwuliza mkubwa wetu.

Fomani hakucheka. "Eish," alisema tu, akarudi garini.

Mama mwenye nyumba aliwaita watu wa halmashauri ya mji. Walikuja na vyombo vyao, wakasikiliza, hawakusikia kitu, wakaondoka. Akatuambia, "Pakeni kwingine kote, huo uacheni. Mimi huugonga kwa mkongojo kila asubuhi. Sitaki yeyote aliye chini adhani nyumba hii haina mtu."

Ikawa desturi. Kila mwaka tulipaka njia nzima tukauruka ufa ule. Kila mwaka Ilunga aligonga, akajibiwa, akarudi nyumbani bila kulia.

Hata ukafika mwaka wangu wa mwisho. Tulikuta jalidi limelala njia yote, na ufa nao umefunikwa, mweupe kama kwingine. Ilunga aligonga. Akagonga tena. Mama yule alikuwa amesimama kibarazani, mkongojo mikononi.

Ilunga alivaa glavu zake. "Tuzibe," alisema. "Leo nitafanya matanga."

Jua lilipokausha njia tulishindilia kokoto, tukaziba, tukapaka kinyumenyume hadi getini, na Ilunga akaenda kukaa garini akiwa amefunika uso. Nilibaki nikikagua. Saa ya alasiri lami yote ilikuwa mbichi bado, ikimetameta. Mstari mmoja tu ulikuwa umekwisha kukauka, palepale penye ufa, kama kitu kilichopuliziwa kutoka chini.

Fomani, aliyekuwa akiniita madala, yaani mzee, aliuona pia. "Madala, kazi iliyokauka haiguswi," alisema. "Ukiigusa, usirudi kazini."

Nilichukua nyundo. Nilipita juu ya lami mbichi kwa viatu vyangu nikavunja kile kizibo. Joto likanipiga usoni, lina harufu ya mshumaa uliozimwa sasa hivi. Ilunga alikuja mbio, akagonga. Hakujibiwa. Lakini kokoto zilizobaki ukingoni zilianza kusogea zenyewe, moja moja, zikaanguka ndani, wala hatukusikia hata moja ikifika chini.

Ndivyo nilivyostaafu.

Wahenga wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nami methali hiyo imenilisha maisha yangu yote. Sasa nakuusia neno moja la kuongeza: gonga kwanza. Fundi asiyesikiliza huziba asichokijua, na kuta katika mji huu zimetosha.

Matanga hayajafanywa. Ilunga huanika juani mkeka wa wageni wa matanga kila mwezi, kisha huukunja tena. Na baridi inapoanza, mama yule wa Kensington hunipigia simu kila alfajiri. Hanisalimu, nami simlaumu. Husema, "Halijashika," yaani ufa hauna jalidi, nami nampelekea Ilunga habari.

Jana hakupiga, wala leo. Funga daftari, Mariamu, uniletee koti na nyundo nikagonge mwenyewe.