Jiwe la Bibi Barbe

Saa tatu asubuhi. Solange Bérubé anakata pai ya nyama jikoni kwake katika mji wa Montmagny, kando ya mto Saint-Laurent, anampa mgeni wake kipande kikubwa kupita kiasi. Mzee Fernand Lavertu, mfugaji mstaafu wa ng'ombe wa maziwa, anakitazama kwa wasiwasi.

“Ukinilisha hivi, ujue una habari mbaya,” anasema.

“Kula kwanza, mzee wangu.”

Solange, aliyekuwa mpishi wa shule, sasa hufuatilia koo za watu mpaka kwa yule wa kwanza aliyeshuka melini kutoka Ufaransa enzi za ukoloni. Huku kwetu kazi hiyo haikosi wateja, maana kila mtu anataka kujua alitoka wapi, na kila mtu anaomba asikute mwizi. Malipo ni kidogo, hayatoshi hata kulipia joto la nyumba majira ya baridi.

“Mimi ni mmbea tu,” anasema. “Tofauti ni kwamba ninaowasengenya walishakufa miaka mia tatu iliyopita.”

Kwa Fernand, leo si siku ya umbea. Yeye ni mwenyekiti wa ukoo wa Lavertu, na Jumatatu fundi anaanza kuchonga jiwe la kumbukumbu litakalozinduliwa Julai mbele ya ukoo mzima. Litakuwa na majina ya Mathurin Lavertu na mkewe Barbe Rousselin. Barbe alikuwa mmoja wa Mabinti wa Mfalme, wale wasichana waliovushwa bahari kwa gharama ya mfalme waje kuolewa na walowezi. Fernand amelelewa na sifa hiyo. Kitukuu wake amebatizwa Barbe, na kabla yake ng'ombe watatu walilibeba jina hilo.

Mzee alimwomba Solange ahakikishe tu kwamba tarehe ziko sawa. Solange akapekua zaidi ya alivyotumwa.

Barbe alifariki akimzaa Joseph, mtoto wake pekee. Wakati ule kichanga aliyefiwa na mama alipelekwa kwa mnyonyeshaji, na huyu alipelekwa ng'ambo ya mto Saint-Laurent. Waliotafuta kabla ya Solange waliishia upande huu wa mto. Yeye alivuka, akakuta kwamba Joseph alizikwa huko kabla hajaota meno.

“Sasa sisi tumetoka wapi?” Fernand anauliza. Uma umebaki hewani.

Solange anamweleza polepole. Mathurin alioa tena, akamchukua mjane wa jirani aitwaye Perrine Coutard. Naye alizaa mtoto wa kiume, na kwa desturi ya wazee wetu jina la mtoto aliyekufa lilipewa anayefuata. Huyo ndiye Joseph aliyezaa ukoo. Padri aliyemfungisha ndoa aliandika kitabuni jina la baba peke yake, bila la mama, na watu wakamhesabia Barbe mtoto asiye wake.

Fernand anasukuma sahani. Anatazama barafu mtoni. Mimi niliyeketi nao nakiri nilimwonea huruma, maana mtu kunyang'anywa bibi akiwa na miaka themanini na minne si mchezo.

“Huyo Barbe ana wajukuu wengine?” anauliza.

“Hana hata mmoja.”

“Kwa hiyo tukimfuta, hakuna wa kumkumbuka.”

“Hakuna, mzee.”

“Na Perrine alikubali mwanawe aitwe jina la mtoto wa mwenzake?”

“Alikubali. Ndiye aliyemwita jina hilo kila siku.”

Mzee anavuta sahani yake tena. “Kama Perrine hakumfuta, mimi ni nani nimfute? Mpigie fundi. Mwambie majina ya wanawake ni mawili.”

Solange anapiga simu pale pale. Fundi analalamika kwamba nafasi ni finyu, na Fernand anajibu kwa sauti kutoka mezani kwamba basi herufi za Mathurin zipunguzwe.

Mpango wa Solange sasa ni kuvuka mto barafu ikiyeyuka, atafute mahali alipolazwa yule mtoto, aweke japo kijiwe. Fernand, ambaye hutapika akiona tu mashua, amesema atakwenda naye.

“Mtoto alivushwa peke yake,” anasema. “Siyo vizuri.”