Nyumba Iliyojipanga Yenyewe

Mimi ni mtu wa fagio. Nilizaliwa hivyo, na wala sijisifu, maana tabia hii imenigombanisha na watu wengi kuliko ilivyonipa marafiki. Nikiona kikombe kimeachwa mezani, hata kama ni nyumba ya wenyewe, mkono unaniwasha. Kwetu Samuye mama alifagia uwanja kabla ya jua kutoka, nami nilimfuata nyuma nikifuta nyayo za kuku. Dada zangu walikuwa wamelala. Tumezaliwa tumbo moja na kulelewa na mikono ileile, lakini wao hadi leo wanaweza kuiruka nguo iliyoanguka chini kutwa nzima bila kuiinua, na usingizi wanaupata vizuri tu.

Mume wangu ni mtu wa Chato, mpole, hana haraka na lolote. Siku hizo alikuwa anafanya kazi kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na tulikuwa tunaishi kwenye makazi ya wachimbaji nje kidogo ya mji wa Geita. Alirudi mweupe kwa vumbi la mawe, akavua viatu popote miguu ilipochoka, akakaa kwenye kiti nilichotoka kukifuta, kisha akaniuliza kwa upole nimeshindaje. Utamgombezaje mtu wa hivyo? Nilimgombeza hivyo hivyo.

Tulikuwa na watoto wawili, wa kiume ameanza chekechea, wa kike ndiyo kwanza anatembea. Kila jioni nilipiga magoti nikapekua chini ya makochi: gololi, vizibo vya soda, betri za redio, malimao yaliyotoka kikapuni hakuna ajuaye vipi. Nilipiga kelele. Nilimwekea mkubwa sheria, kila kitu na mahali pake, na kila jioni aliivunja kwa moyo mweupe kabisa.

Ng'ambo ya ua wa minyaa alikaa jirani yangu, Msukuma mwenzangu, mama mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani. Alikuwa na watoto kadhaa, na kitindamimba chake, wa kiume, alikuwa rika la binti yangu. Ile nyumba, kuingia ilibidi uruke. Masufuria, magunzi, nguo, vifaranga ndani ya beseni. Wanangu waliipenda kuliko yetu; walirudi wachafu, wameshiba, wanacheka. Mimi nilipenda zaidi kuzungumza naye uani, huko kichwa kilikuwa hakiniumi. Lakini nilimpenda sana, na hilo niliseme mapema.

Mvua za kwanza zilipoanza, nyumba yangu ilitulia. Jioni moja nilipiga magoti nikakuta chini ya makochi ni peupe. Gololi zote zilikuwa chumbani kwa watoto, kwenye kona, nyuma ya kitanda chao, zimelala pamoja. Kesho yake vivyo hivyo. Nilimwita mwanangu nikamsifu, nikampa andazi. Alinitazama kwa mshangao kidogo, halafu akala andazi lake. Nilitamba uani kwa jirani, nikatamba kwa mume wangu, kwamba mtoto ni malezi, hata awe amerithi damu ya Chato.

"Hongera, mama watoto," alisema, akatupa soksi.

Mengine nayo yaliniendea vizuri. Nikipiga deki, maji yalikimbilia kona ileile na kukauka upesi, sikuhitaji kuyakokota kwa tambara. Mlango wa chumba cha watoto ulianza kujifunga wenyewe, nami nilikuwa nimechoka kuwaambia wafunge. Kitu kimoja tu kilikuwa kinaniudhi. Ufa ulijitokeza kando ya dirisha, nikauziba kwa saruji na kuupaka chokaa. Ukafunguka. Nikauziba tena, nikiwa na hasira nao kama ninavyokuwa na mtoto mkaidi. Ukafunguka tena, mpana zaidi.

Halafu kulikuwa na mlio. Mchana, binti akiwa amelala, nyumba kimya, nilisikia kitu kinagonga kwa mbali, ko, ko, ko. Nilidhani kuna mtu anatwanga. Siku moja nikiwa nimeinama na tambara langu, nikausikia mlio ule kwenye kiganja, unapanda kutoka sakafuni. Niliuondoa mkono haraka. Nilipomwambia mume wangu alisema karasha zinatikisa kila kitu mtaa huu, na ni kweli zilikuwa zinatikisa.

Jirani ndiye aliyeona. Alikuja kurudisha ungo, mwanawe akamponyoka na kukimbilia chumba cha watoto akiwa na limao mkononi, nasi tukamfuata. Limao likamdondoka. Halikusukumwa na mtu. Lilianza kwenda polepole, likapita mguu wa kitanda, likaongeza mwendo, likatulia konani pamoja na gololi.

"Unaona?" nilimwambia. "Hapa kila kitu kinajua mahali pake."

Hakucheka. Aliliokota lile limao, akaliweka mlangoni, akaliachia. Likaenda palepale. Akajaribu kutoka dirishani. Palepale. Nilimwona uso ukibadilika, yeye niliyezoea kumwona anacheka hadi msibani.

"Mayu," aliniambia taratibu, yaani mama kwa Kisukuma chetu, "hawa watoto hawapangi kitu. Nyumba ndiyo inapanga."

Sikumwelewa. Akanieleza kama anavyoelezwa mtoto. Kaka yake alikuwa mchimbaji. Wakishashuka kwenye duara, yaani shimo lao, wakaukuta mkanda wa dhahabu kwenye mwamba, wanaufuata ulikoelekea, na huko chini hakuna anayejua juu pamelala nani. Akauliza watoto wanalala wapi. Nilikinyooshea kidole kitanda, kikiwa na shuka lililonyooka vizuri, kwenye ile kona.

"Na kwako?" nilimuuliza baadaye, tulipotoka nje.

"Kwangu?" Kicheko kilikuwa kimemrudia. "Kwangu kitu kikibingirika kinagonga sufuria kabla hakijafika popote. Nyumba yangu hata ilale chali, mimi sitajua."

Nilihamishia godoro la watoto sebuleni siku hiyohiyo. Mume wangu aliporudi nikamwambia yote, naye akavua kiatu kimoja, akapumzika, akavua cha pili.

"Wewe hata vumbi la kiatu unaliitia mkutano," alisema.

Nililia kwa hasira. Miaka yote nilikuwa nalalamikia sakafu, na sasa sakafu ilikuwa inatuua kweli, maneno yangu hayakuwa na uzito wowote. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amezoea sauti yangu, basi, kama alivyozoea karasha. Nilimwekea limao mkononi nikamwambia ajaribu mwenyewe. Akaenda, nadhani ili ninyamaze. Alichuchumaa mlangoni, mtu ambaye sijawahi kumwona akiinama kuokota hata shati lake, akaliachia, akalitazama linavyokwenda. Kisha akalala kifudifudi akatega sikio. Alikaa hivyo muda mrefu. Alipoinuka alikuwa amebadilika rangi.

"Funga mizigo," alisema.

Mwenyekiti wa kitongoji alikuja na wazee wa machimbo. Walizunguka, wakakanyagakanyaga, wakapima kwa macho, wakasema mkanda unapita chini yetu na kuelekea barabarani. Upande wa pili wa minyaa, walisema, ni salama. Hakuna aliyeuliza ni akina nani waliokuwa wanachimba. Sote tulikuwa tunakula kutoka shimoni humo, sisi wenyewe tukiwemo, maana jiwe lote lilipitia kwenye karasha.

Tulihamia Kagongwa, ambako shemeji yangu anafanya biashara ya mpunga. Siku ya kuondoka jirani alitusaidia kufunga magodoro. Kitindamimba wake alimng'ang'ania binti yangu mkono, ikabidi wabanduliwe. Nilimwambia jirani na wao waondoke. Nilimwambia mara nyingi, hadi nikawa namkera.

"Niende wapi na makorokoro yote haya, mayu?" alisema. "Wamesema kwangu hakuna kitu."

Simu ilikuja kiangazi. Mume wangu aliipokea, akanitazama, nikajua ni huko. Nilifikiri nyumba yetu ya zamani imedidimia na waliohamia humo baada yetu. Haikuwa hiyo. Ile ipo hadi leo, na ufa wake. Iliyokwenda ni ya jirani. Ilikuwa mchana, yeye yuko nje anachekecha unga, wakubwa wako shule, mdogo amelala ndani. Sakafu ilishuka na kitanda, kuta zikafuata. Wanaume walichimba kwa mikono na majembe, wakamtoa jioni.

Nilikwenda msibani. Mahali pa nyumba palikuwa na shimo lililozungushiwa kamba na miti, na akina mama wamekaa uwanjani juu ya mikeka. Kwetu penye msiba hapafagiwi hadi matanga yaanuliwe, kwa hiyo uwanja ulikuwa umejaa maganda ya karanga, majani, vipande vya kuni. Nilikaa kando yake. Hakuwa analia tena.

"Wewe," aliniambia hatimaye, "hata punje ya ulezi ulikuwa unaiona sakafuni. Na kwangu uliingia. Hukuona kitu?"

Hakuniuliza kwa ubaya. Alitaka kujua tu. Nilitafuta jibu la kumsaidia. Je, kuna beseni lilikuwa limeegemea upande? Je, mlango wake nao ulikuwa unajifunga? Sikujua, na hadi leo sijui. Nikamwambia ukweli, kwamba kwake sikuwahi kutazama chini. Palikuwa pananikera, nami sikutaka aone kwamba nakereka, kwa hiyo nilikuwa namtazama usoni.

Aliitikia kwa kichwa. Halafu akanishika mkono wa kulia. Sikuwa nimejua kwamba nilikuwa nimeshaanza kuokota maganda ya karanga kwenye mkeka wake, nimeyafumbata. Alinifungua vidole kimoja kimoja hadi yote yakamwagika pale yalipokuwa.

"Acha," alisema.

Nikaacha.