Radhi ya Bi Mejumaa

Mtaani Kibokoni mtu hakuanza safari nzito bila radhi ya mamake. Ndiyo maana Tsofa, mpakuzi wa mizigo bandarini, aliporudi kutoka Nairobi mwaka 1996 na habari kwamba figo yake inamfaa bintiye, alikwenda kwanza kwa Bi Mejumaa.

Alimkuta akisukuma mahamri. Bi Mejumaa hakuinua uso.

"Nilikuzaa na figo mbili. Huyo daktari alikuwapo?"

"Hakuwapo, mama."

"Basi asizigawe."

Mwanakuu, binti mwenyewe, alikuwa amelala mkekani, amejifunika macho kwa leso kwa kuwa mwanga ulimchoma. Alikuwa na miaka minane na kimo cha mtoto wa minne. Tangu uchangani alikuwa na kiu isiyokwisha, akiramba chumvi kwa siri. Nyanyake alidhani ni deko, akimnyima maji ili asikojoe kitandani. Mpaka figo zilipokufa ndipo madaktari walipoutambua ugonjwa wenyewe: wa nadra sana, mtoto huurithi kwa baba na mama kwa pamoja, ingawa wao hawaumwi.

Kurithi! Neno hilo Bi Mejumaa hakutaka kulisikia. Sidi, mke wa Tsofa, alikuwa binti ya kaka yake. Ndoa hiyo aliipanga yeye, akajivunia kwamba damu haikutoka nje.

"Kwetu hakuna ugonjwa," alisema. "Waulize wazee."

"Nakuuliza wewe, mama. Bila radhi yako siendi."

"Basi usiende! Ukifa huko, nitazika wawili?"

"Nisipokwenda utazika mmoja. Huyo hapo."

Sidi, aliyesimama mlangoni, aliingia.

"Shangazi, ningetoa yangu. Nilipimwa, damu zetu hazikulingana. Wanasema ugonjwa huu hautaishika figo mpya. Macho ndiyo yatazidi kuumia."

"Ugonjwa huo hauna dawa?"

"Unayo. Ulaya watoto huinywa tangu wachanga. Huku haiji."

Sidi alilisema hilo kwa sauti kali, bila machozi. Ilikuwa hasira, nayo ilikuwa haki yake. Mtoto wa Kibokoni alikuwa akipofuka kwa ugonjwa ambao dawa yake ilikwisha kupatikana, na hapakuwa na mkubwa yeyote aliyeona haya.

Bi Mejumaa aliuweka chini mti wa kusukumia. Alimtazama mjukuu wake, kisha akamgeukia mwanawe.

"Watakata wapi?"

Tsofa alipandisha shati, akaonyesha ubavuni. Mamake aliuweka mkono pale, akaupapasa kama anayetafuta kitu.

"Ndoa hii niliifunga mimi," alisema polepole. "Nilitaka mema. Enda, mwanangu, radhi zangu zote unazo. Mukirudi wote, alhamdulillahi. Ukirudi peke yako, sitakulaumu."

Tsofa alishusha shati lake.

"Na umwambie huyo daktari ashone vizuri. Ngozi hiyo nimeiogesha mimi."

Tsofa aliubusu mkono wa mamake uliojaa unga, akainama kumwamsha bintiye.