Tulikuwa Tukichinja Wapole

Mwaka 1975, nikiwa na miaka kumi na moja, baba yangu alifariki na mimi nikatoka skuli darasa la tatu. Sikurudi tena. Niliwekwa kuchunga ng'ombe wa watu huku Wingwi, na ujira wangu ulikuwa kibuyu cha maziwa asubuhi. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue kuwa ninayoandika sikuyatoa kwenye kitabu cha mtu. Nimeyapata kwa miguu na kwa hasara.

Tangu siku zile sijui kukaa. Nikiwekwa barazani nusu saa mwili wote unaniwasha. Mke wangu husema hata kwenye sala natoa salamu kama mtu anayekimbilia boti.

Habari ya kanga, nasema ndege, si nguo, ilianza kwa kuku. Kila mwaka kideri kilikuwa kikipita kijijini kwetu. Unafungua banda asubuhi unawakuta kuku wamelala ubavu, shingo zimepinda. Siku moja nilizika kuku kumi na saba shimo moja, kisha nikaenda maweni, kule kwenye vichaka juu ya majabali upande wa Micheweni, kumtafuta ndama aliyekata kamba. Kundi la kanga likaniruka mbele ya miguu. Wazima, wanene, manyoya yanang'aa. Nikasimama pale nimepigwa na butwaa. Ndege hawa wanaparura vumbi lile lile na kideri hakiwaangushi, na sisi tumekaa tunazika kuku kila mwaka! Nikatafuta kiota mpaka adhuhuri. Nilipata mayai tisa chini ya kichaka cha miba, maganda magumu kama kokoto. Nikayatia kwenye kofia nikarudi nayo. Ndama nilimsahau, akaletwa na mtu mwengine.

Nikamwekea kuku aliyekuwa akiatamia. Kuku huangua kwa siku ishirini na moja. Kanga anataka ishirini na nane, na mimi hilo sikulijua. Siku ya ishirini na tatu kuku alichoka, akashuka, akaenda zake. Nikapasua yai moja nione. Kifaranga kamili, na vidole vyake, na joto bado. Yote tisa yakapotea.

Mwaka uliofuata nikatafuta kuku mkaidi, yule ambaye ukimtoa kiotani anakutoa damu. Huyo alikaa. Vifaranga wakatoka, wakafa kwa umande. Mwaka wa tatu nikajua kuwazuia ndani mpaka majani yakauke, nikawalisha mchwa na machicha ya nazi, wakakua sita. Nilijiona mfalme. Masika yalipoingia, wenzao wakaanza kulia kule maweni. Jike la kanga hulia sauti mbili mbili, kama mtu anayeita jina la mtu. Wangu wakainua shingo. Siku ya pili watano hawapo.

Jirani yangu alikuwa hapiti bila ya kunitupia neno.

"Mzee, habari za kundi?"

"Njema."

"Liko wapi? Silioni. Au umefuga upepo?"

Hata bwana mifugo, kijana mwenye pikipiki na adabu zake, alikaa akanishauri. "Mzee wangu, kanga wa kufugwa wapo Tanga, wamefugwa zamani na wazee wa watu. Agiza majike wanne, upumzike."

"Na mimi si mzee wa watu?" nikamuuliza.

Akacheka, akasema sikumfahamu. Nilimfahamu vizuri. Lakini wa Tanga ni kazi ya mtu mwengine. Mimi nilitaka hawa wa maweni yetu, walioishi na kideri chetu, wazae mbele yangu bila ya kuku wa kuwasaidia. Mnyama anayezaliwa kwako lakini hazai kwako hujamfuga, umemwazima tu.

Basi ikawa hivyo miaka tisa. Mayai ya maweni, kuku mkaidi, vifaranga, masika, wamekwenda. Mwaka mwema walibaki wawili watatu, na kila mwaka nilikuwa nikianza upya. Nilikonda. Nilikuwa natoka kitandani kabla ya adhana, nazunguka banda, narudi, natoka tena.

Aliyeliona tatizo ni mke wangu, naye alikuwa akikuna nazi, wala hakuniangalia.

"Siku ya Idi ulimchinja yupi?"

"Yule wa madoa meupe."

"Aliyekuwa akija mkononi. Na alipokuja kaka yako?"

"Mwenzake."

"Naye alikuwa akija mkononi. Yule dume mkorofi anayelala juu ya mfenesi umeshawahi kumgusa?"

"Nitamshikaje?"

"Ndiyo nakwambia. Kila akija mgeni unamchinja yule anayeshikika. Wanaobaki kuzaa ni wale wasioshikika. Unataka watoto wao wajifunze kwa nani, kwa mbuzi?"

 Mimi niliyekulia nyuma ya ng'ombe, niliyejua kwamba dume mkali huchinjwa na ng'ombe mpole huachwa azae, nilikuwa nikifanya kinyume chake kwa sababu mgeni amekaa kwenye mkeka na mimi nina haraka. Na si mimi tu. Nyumba zote hapa mgeni akifika huchinjiwa yule aliye karibu na mkono.

Nikaweka sheria. Mpole hachinjwi, awe mgeni nani. Nikafuma wavu, na kila mwaka kabla ya masika nikawa nawatega wakorofi nawauza sokoni Wete. Mwaka wa pili wa sheria hiyo jike mmoja, aliyezaliwa kwangu kwa mama aliyezaliwa kwangu, ambaye mayai yake nilimwekea kuku, akaingia mwenyewe pembeni mwa banda, akafukua, akataga, akalala juu ya mayai yake. Kumi na manne. Nilipomwona nilitoka nje nikatembea mpaka kisimani na kurudi, sina ndoo wala dumu.

Sasa, mdomo wangu. Siku ya soko, huko Wete, nilikuwa nimekaa na mzee mmoja ambaye mtoto wa ndugu yake alikuwa akimposa binti yangu mdogo. Nikajigamba. Nikamwambia, mkija kumaliza maneno ya posa mtakula kanga niliyemfuga kwa mkono wangu. Akasema watu wote wa nyumbani kwake atawaambia. Na kweli aliwaambia.

Jioni ya kuamkia siku ya wageni nilitega wavu. Nilimkusudia yule dume wa mfenesi. Akaingia, akaupasua, akaruka na kipande mguuni. Nikasema basi, wageni wanakuja baada ya adhuhuri, nitapata mkorofi mwengine asubuhi. Wageni wakafika saa tatu asubuhi. Kundi limeshakwenda makondeni, halirudi mpaka magharibi. Aliyebaki nyumbani ni yule jike juu ya mayai, siku ya ishirini na moja.

Shemegi yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa ameshashika kisu.

"Mchinje huyu. Mayai tutamwekea kuku."

"Miaka kumi na moja namwekea kuku," nikamwambia. "Rudisha kisu ndani."

Binti yangu alisimama mlango wa jikoni, amejifunga leso mpya. "Baba, watu wako ukumbini. Ni kanga tu."

"Si kanga tu, mwanangu."

"Na mimi?"

 Nikazunguka nyumba. Nikazunguka tena. Nilimwona shemegi ananiangalia kama mtu aliyepagawa. Nikasogea bandani, nikainama. Jike akanitazama kwa jicho moja, akavuta yai chini ya kifua chake, hakuondoka. Nikaenda ukumbini moja kwa moja, nikakaa, nikasema.

"Wageni wangu, karibuni sana. Kanga yupo mmoja, anaatamia, na simchinji. Mtakula pweza wa nazi na muhogo."

Yule mzee wa Wete alicheka kwanza, akidhani ni mzaha. Halafu akaacha.

"Mzee mwenzangu, tumekula mashimo yote ya njia ya Wingwi kuja kuambiwa habari za uzazi wa ndege?"

"Ndivyo."

"Ulisema mwenyewe sokoni, mbele za watu."

"Nilisema. Nilikosea kusema."

"Na kama tungetaka binti yako, naye ungesema anaatamia?"

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Walikula vitonge vichache, wakanawa, wakaondoka kabla ya alasiri. Jibu lilikuja kwa simu ya mshenga baada ya siku tano: kijana bado anajipanga. Kila mtu Wingwi anajua maana ya neno hilo.

Binti yangu aliniwekea chakula wiki nzima bila ya kunambia karibu baba. Haki yake. Mimi niliacha kulala kabisa. Nilimpoteza mkwe kwa ajili ya mayai ambayo huenda yakawa viza, na jirani keshaambiwa, na njiani watu wananisalimia huku wanauma midomo. Siku ya ishirini na saba nikasikia vifaranga wakigonga ndani ya maganda. Siku ya ishirini na nane wakatoka kumi na wawili. Jike akawatoa nje umande ulipokauka, na magharibi akawarudisha bandani mwenyewe. Sikumfundisha. Nilisimama na mlango mkononi, nasubiri akosee, hakukosea.

Masika yaliyofuata wale wa maweni walilia siku nane. Nilizunguka ua huu mpaka nikatengeneza njia. Wangu waliinua shingo, wakasikiliza. Wawili wakaondoka. Kumi wakarudi kwenye machicha.

Binti yangu aliolewa mwaka wa pili yake na mwalimu wa Micheweni, mtu mtulivu, hapendi nyama. Mpaka leo akikasirika hunambia, "Baba, ulinipima na kanga." Namjibu kwamba sikumpima, nilikuwa nimebanwa. Haniamini, na mimi sijiamini sana. Wala sijatulia. Kila masika nasema mwaka huu wataondoka wote.

Ninachomiliki leo ni hiki. Nyumba ya matofali, vyumba vitatu, bati juu. Eka moja na nusu ya maweni na kipande cha bonde. Mikarafuu sita, minazi ishirini na miwili, mfenesi mmoja. Ng'ombe watatu na ndama. Baiskeli moja, gurudumu la nyuma bovu. Wavu mmoja. Kanga arubaini na mmoja, na katika hao, majike saba wanaoatamia mayai yao wenyewe.