Zubeda wa Karatasi ya Njugu

Hii aibu nimekaa nayo miaka, na kwa vile walioiona wameshaitembeza kutoka Soweto East mpaka Kawangware 46, kila mmoja akiongeza chumvi yake, ni heri niieleze mwenyewe vile ilivyokuwa. Ndiyo, ni mimi niliyemwozesha marehemu bibi wa pili siku ya matanga yake. Chekeni, mkimaliza mninyamazie.

Mimi shule niliiona kwa mbali nikichunga ndama. Kusoma nilijifunza nikiwa na mvi, kwa darasa la ngumbaru kule Riruta, akina mama kumi na mmoja na mzee mmoja aliyekuwa akija kulala. Nikasoma Biblia, nikasoma maandishi ya chupa za dawa, nikaona inatosha. Vitabu vya hadithi nilikuwa naviita uongo uliopigwa chapa, na nilisimama kanisani mbele ya kikundi cha akina mama nikaonya kwamba msichana anayesoma vitabu vya mapenzi ataolewa na kinyozi asiye na kiti.

Kazi yangu ilikuwa kukaanga njugu na kuziuza pale 46, na njugu zinataka karatasi. Unanunua vitabu kuukuu na karatasi za ofisi kwa kilo, unachana, unakunja kama pembe, unajaza, unafunga juu. Nimefunga njugu kwa hesabu za darasa la saba, kwa barua za mawakili, kwa mapishi ya keki, na sikuwahi kusoma hata mstari mmoja, kwani mwenye kuchinja kuku huwa anamuuliza jina?

Basi siku moja nikamkuta mjukuu wangu Nafula, msichana mkubwa wa kidato cha tatu, amejifunika blanketi mchana na kitabu cha mapenzi ndani. Nikamnyang'anya. Nikamwambia hiki shetani kitafunga njugu leo hii. Na kingefunga, haki ya Mungu, lakini nikasema ngoja kwanza nisome ukurasa mmoja nijue uchafu unafanana vipi, ili nikionya wengine nionye kitu ninachokijua. (Hapo ndipo nilipopotelea.)

Ndani kulikuwa na Zubeda. Msichana wa Mombasa, mpole, mfumaji wa vitambaa, na tajiri mmoja akamdanganya kwamba hana mke, naye akamzalia watoto wawili, kumbe bwana ana mke na nyumba yenye lango la chuma. Mimi nilisahau njugu kwa moto. Wiki nzima niliuza njugu nyeusi, wateja wakiuliza nawaambia ni mbegu mpya kutoka Busia. Nilikuwa nikimaliza ukurasa nauchana, nafunga njugu, nakwenda ule mwingine, hivyo kitabu kikawa kinaliwa kutoka mbele pole pole, na hakuna aliyejua nasoma, hata Nafula, kwa sababu nilikuwa nakiweka ndani ya karai.

Jumamosi nikaenda kufagia kanisa. Kurudi, namkuta Nafula anajipongeza.

"Kukhu, nimeuza pakiti zote! Wafula alikuja, amebeba za matanga ya ndugu yake kule Kibera, za kunywea chai."

"Karatasi ulitoa wapi? Si ziliisha?"

"Si kile kitabu cha shetani? Huko mbele ulikuwa umeshachana, nikatoa nyuma."

Nikachungulia karai: tupu. Nilikuwa nimemwacha Zubeda akipewa habari kwamba yule bwana amekufa. Nikamuuliza Nafula, kama mtu asiyejali, "Na wewe ulikuwa umefika wapi kusoma?" Akasema, "Ukurasa wa arobaini, Kukhu, ukaniokoa." Mtoto ana mdomo huyo.

Sasa Barasa, huyo marehemu ndugu ya Wafula, nilimjua. Alikuwa fundi wa viti, mtu wa kwetu, na matanga yake nilipanga kwenda Jumapili na wenzangu wa kanisa. Lakini nilijifunga leso saa hiyo hiyo nikashika njia ya Kibera kwa miguu, na nikawa najiambia naenda kufariji mjane. Mungu alikuwa anaona.

Nikawakuta watu wamejaa uani Soweto East, wamekaa kwa viti vya marehemu mwenyewe, wanatafuna njugu zangu. Nikampa pole mjane, Mama Nekesa, nikalia kidogo kama inavyotakiwa, kisha nikaanza kuokota karatasi. Hii natupa, hii ni yangu, hii ukurasa wa mia moja sabini, hii ya mia moja sabini na nne. Wafula, ambaye ndiye aliyekuwa akisimamia mazishi ya ndugu yake, akasimama akasema, "Watu wetu, tazameni huyu mama! Mzee hivi na anatuokotea takataka! Hiyo ndiyo heshima!" Wakanipigia makofi. Nikainama zaidi.

Nikazipanga pembeni nikazisoma zote, ikabaki moja tu, ya mwisho kabisa, na hiyo ilikuwa mkononi mwa Makokha, rafiki wa marehemu, mtu wa maneno mengi, anatafuna njugu moja moja kama anayeziombea. Nikasimama mbele yake.

"Makokha, maliza."

"Mama, si ndiyo natafuna?"

"Tafuna kama mwanaume."

Akajimiminia zote mdomoni akanipa karatasi, macho yamemtoka. Nikasoma hapo hapo nimesimama. Zubeda yuko mbele ya lango, mvua inamnyeshea, mtoto mmoja mkononi na mwingine mgongoni, amekuja kumlilia baba yao, na mke wa marehemu anasema kutoka ndani kwamba huyo hamjui. Jamani. Sijui kilichonipanda. Nilisikia sauti inatoka, na ilikuwa yangu: "Woooi! Mfungulieni Zubeda! Aingie na watoto wake! Hata kama mlikuwa hamumjui, ni watoto wa marehemu!"

Vijana wawili wakakimbia kufungua geti la mabati. Hakukuwa na mtu nje, ila mbuzi.

Mama Nekesa akainuka polepole. "Zubeda ni nani?"

Hapo ningesema. Neno moja tu, kitabu, na yangeisha. Lakini mbele yangu walikuwa wamekaa akina mama watatu wa kikundi cha kanisa waliotutangulia, wale wale niliowaonya kuhusu kinyozi asiye na kiti.

"Ni... mama mmoja tu."

"Wa wapi?" Wafula akauliza.

"Mombasa."

"Na watoto?"

"Wawili," nikasema, kwa sababu walikuwa wawili.

Mama Nekesa akashika kichwa. "Mombasa! Si alifanya kazi huko mwaka mzima kabla tuje Kibera! Akaniambia analala karakana!"

Na Makokha, badala ya kunyamaza na njugu zake, akatikisa kichwa. "Nilijua hii siku itafika. Huyo Zubeda namjua. Mrefu, mweupe. Nimekula pilau kwake."

Nikamtazama nikidhani nimeanza kuugua. Akaendelea kwamba mtoto wa kwanza ana masikio ya Barasa kabisa. Shangazi mmoja akasema naye aliwahi kumwota. Wafula akatangaza kwamba safari ya nyumbani imesimama, kwetu mtu hazikwi na mtoto wake mmoja akiwa nje, kila mtoto lazima atupe udongo, na akamtuma mtu kwa kibanda cha simu apigie watu wetu walio Mombasa wamtafute Zubeda mfumaji. Mama Nekesa alikuwa ameketi chini sasa, amevua leso ya kichwa, halii hata. Anasema tu, "Miaka ishirini na mbili nimempikia."

Hiyo ndiyo iliyonivunja. Aibu yangu ni yangu, lakini huyu mama nilikuwa namwibia mume mara ya pili. Nikapanda juu ya kiti (imara, Barasa alijua kazi) nikasema, "Rudisheni huyo mtu wa simu! Zubeda hayuko. Zubeda ni wa kitabu. Mimi nasoma vitabu vya mapenzi."

Nikawasomea upande ule wote, lango, mvua, watoto, na ile alama ya mafuta ya njugu. Mama mmoja wa kikundi akasema, "Kumbe," na hilo kumbe moja limenikaa moyoni kuliko matusi.

Kisha Mama Nekesa akageuka. "Makokha. Wewe ulikula pilau kwa nani?"

Makokha alijikuna, akatazama mbuzi, mwishowe akakiri kwamba maisha yake yote hajawahi kuvuka Athi River, aliona tu kila mtu analo la kusema kuhusu marehemu. Watu walicheka mpaka wakaona haya, ni matanga.

Mama Nekesa akaja akanitoa ile karatasi mkononi. "Hii nasafiri nayo. Hayo maneno yatafika nyumbani kabla ya jeneza, nataka kuwa na kitu cha kuwaonyesha." Akaigeuza. Nilikuwa bado sijasoma upande wa pili. Nikaona midomo yake ikitembea, taratibu, mpaka mstari wa mwisho. Akaguna. Akaikunja mara nne akaitia kifuani.

Ningemwuliza vipi, jamani? Kwa mdomo gani?

Nilipofika Kawangware habari ilikuwa imeshanipita njiani. Nafula amesimama mlangoni, hakucheka, aliuliza tu, "Kukhu, walimfungulia?"

Sijui mpaka leo. Mama Nekesa alihamia nyumbani, na nasikia karatasi iko kwa sanduku lake la bati pamoja na cheti cha ndoa. Mimi na Nafula sasa tunatafuta vitabu pamoja kwa zile karatasi za kilo, tunakaa chini tunachambua, kizuri tunakiweka kando. Na hakuna kitabu kinachofunga njugu kwangu kabla sijasoma ukurasa wa mwisho, pande zote mbili.