Mchekeshaji Mwenye Uso wa Mama

Mama alipata kazi kwenye kambi ya watalii ukingoni mwa jangwa la mchanga, upande wa Al Mintirib, kwa sababu ya Kiingereza alichosomeshwa skuli Tabora na kwa sababu ya mkono wake wa mapishi. Alisimamia jiko na kuwakaribisha wageni kwa kahawa na tende. Gari la kambi lilimchukua asubuhi nyumbani kwetu Ibra, Oman, na kumrudisha kabla ya magharibi. Baba, aliyekuwa akifanya kazi baladia, ofisi ya manispaa, alikubali baada ya kwenda mwenyewe kuiona kambi, akarudi akasema watu ni wa adabu.

Na kweli walikuwa wa adabu. Wajerumani walikula wakashukuru, Waingereza wakauliza bizari gani imetiwa, wote wakaenda zao kupanda matuta. Ila Wadenmark. Mara ya kwanza walipokuja, Mama alitoka jikoni na sinia la mkate, mzee mmoja akamwona, akamgusa mkewe begani. Mkewe akageuka. Wakaanza kucheka. Kicheko kikahama kutoka mtu hadi mtu mpaka meza nzima ikacheka, si kwa kejeli, bali kama watu waliokutana na jamaa yao mahali wasipomtegemea. Halafu wakaimba, wakipiga meza kwa vijiko.

"Mie nilidhani ndiyo salamu ya kwao," Mama alituambia jioni ile. "Nikawaambia ahsanteni."

Lakini kundi la pili la Wadenmark lilifanya vile vile, na la tatu. Walimwomba kupiga naye picha, na katika picha wao ndio waliokuwa wakicheka. Mama akaanza kusimama mbele ya kioo. Akabadilisha rangi ya mtandio. Akaacha kupaka wanja. Siku moja aliniita mimi, binti yake, nikiwa bado mwanafunzi wa sekondari, akanishika mabega.

"Nitazame vizuri. Nina nini?"

"Huna kitu, Mama."

"Basi wanacheka nini?"

Nilimtazama uso wake niliouzoea, mashavu mapana, mwanya, unyusi mmoja ulio juu kidogo kuliko mwenzake, na kadiri nilivyoutazama ndivyo nilivyozidi kutojua kama ni uso wa kuchekesha au la.

Aliyetufungua macho ni mwanamke wa Kidenmark aliyekuwa akiongoza wageni hao kila msimu wa baridi. Alimweka Mama pembeni, akamwambia kwa haya kwamba kwao kuna mwigizaji wa filamu za vichekesho anayejulikana na kila mtu, mkubwa na mdogo, na kwamba Mama amefanana naye hadi inatisha.

"Ni mtu wa heshima?" Mama aliuliza.

Mwanamke yule alifikiri kidogo. "Anapendwa sana," alisema.

Mama alirudi nyumbani na jibu hilo, akawa analigeuza kama mtu anayegeuza kitambaa kutafuta upande wake wa nje. "Nimemuuliza heshima," alisema, "kanijibu mapenzi. Sasa hapo nifahamu nini?"

Msimu uliofuata kiongozi yule alimletea kanda za video. Tulizitazama baada ya alasiri, Baba hajarudi kutoka kazini. Ya kwanza haikuwa na rangi. Mlango ulifunguliwa, akaingia mtumishi wa ndani amebeba bakuli la supu, na mtumishi huyo alikuwa Mama. Sisemi alifanana. Mwanya ule ule, mashavu yale yale, na ule unyusi, ambao kwa Mama ulikuwa umekaa tu, kwa yule ulipanda na kushuka kama una akili yake. Baada ya muda kidogo alipanda juu ya meza, akainua sketi, akacheza na gilasi ya bia mkononi huku wanaume wakimpigia makofi.

Mama alisimama akaziba televisheni kwa mwili wake. "Zima," alisema. Nikanyoosha mkono kwenye deki. "Acha," alisema. Nikarudisha mkono. Akakaa chini pale pale sakafuni na kutazama mpaka mwisho, na mimi nyuma yake nikawa naona kisogo cha Mama na uso wa yule wa kwenye televisheni, nisijue nimuonee haya yupi.

Maisha ya yule bibi tuliyapata vipande vipande, kwa jinsi kiongozi wa wageni alivyomsimulia Mama jikoni. Alikuwa binti wa mwoka mikate katika mji wa bandari. Alitaka kuigiza michezo ya majonzi, ya malkia wanaokufa na mama wanaolia. Mkuu wa jumba la michezo alimtazama uso akamwambia hapa si pako, nenda kwenye maonyesho ya kiangazi. Hayo, tulielezwa, ni maonyesho ya jukwaani ya nyimbo na mizaha, watu wanakula na kunywa huku waimbaji wakiwasema mawaziri na matajiri. Huko alitia fora. Alikuwa akisimama kimya, anainua unyusi mmoja, na ukumbi mzima unaanguka kwa kicheko. Ndipo watu wa filamu wakamchukua. Kwanza alikuwa mtumishi anayemwaga supu. Kisha mpishi wa familia moja ya kwenye filamu, ambayo ilitungiwa filamu baada ya filamu na watu wakaenda kuitazama na watoto wao. Baadaye mama mkwe mkorofi, na uzeeni akawa bibi anayeendesha pikipiki.

Kanda hazikuja kwa mpangilio, kwa hiyo sisi tulimwona mzee kabla ya kumwona kijana, tukamwona ameolewa halafu anatafuta mchumba. Neno la Kidenmark hatukulijua hata moja. Na bado Mama alikuwa akisema, "Sasa atakiangusha hicho kikombe," na yule bibi anakiangusha.

"Umejuaje?"

"Sijui. Ningekuwa mimi, ningekiangusha hapo."

Kulikuwa na habari moja iliyomkaa Mama rohoni. Mara moja tu yule bibi alipewa nafasi ya mama aliyefiwa na mwanawe baharini. Filamu ilipoonyeshwa, alipotokea tu mlangoni na nguo nyeusi, watu walicheka. Hawakuweza kujizuia. Kipande chake kikakatwa.

"Akafanya nini?" Mama aliuliza.

"Akarudi kwenye vichekesho," alijibiwa.

Jirani yetu alikuwa bibi wa Unguja tuliyemwita Bimkubwa, mtu wa maneno laini na macho makali. Siku moja aliingia na sahani ya vitumbua, akakuta kanda inacheza. Nilimpa shikamoo, hakuitikia. Alimtazama yule wa kwenye kioo cha televisheni, akamtazama Mama, akaweka sahani chini taratibu.

"Mwanangu," alimwambia Mama, "ujana ni moshi. Lakini ulikwenda Ulaya lini wewe?"

"Sikwenda, Bimkubwa. Huyo si mimi."

"Sikulaumu. Nauliza tu."

"Wallahi si mimi."

"Haya," alisema Bimkubwa, kwa ile haya ya mtu asiyeamini na asiyetaka ugomvi.

Maneno yakatoka nyumba hadi nyumba: mama fulani alikuwa mcheza filamu kabla ya kuja Oman, wamemwona kwa macho yao. Tuliotoka bara tayari tulikuwa tukisemwa kuwa hatujulikani tulikotoka, kwa hiyo habari hii ilipata pa kukaa.

Ikatokea msiba mjini Sur, kwa jamaa wa upande wa Baba, tukaenda wanawake wa mtaa pamoja. Mama aliingia chumba cha wafiwa, akavua viatu, akainama kutoa mkono wa pole. Msichana mmoja aliyeegemea ukuta, ambaye maneno ya filamu yalishamfikia, alimwinulia macho, akacheka. Alijifunika shela, mabega yakaendelea kutikisika, na mwenzake wa pembeni akaambukizwa. Chumba kizima kiligeuka. Mama alibaki na mkono umenyooka. Alimaliza maneno yake, akakaa, akasoma pamoja na waliokuwa wakisoma.

Nyumbani alimwambia Baba, "Wamenicheka msibani."

Kesho yake Baba alirudi mapema kutoka kazini, akauliza, "Ziko wapi hizo kanda?" Alikuwa hajapata kuziona. Nikamwekea, nisijue kama atavunja deki au atamvunjia mke wake kazi. Alikaa amenyooka kama yuko mbele ya mkuu wake. Mpishi aliingia na keki, akainua unyusi, akaikalia. Baba akacheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka vile, kicheko cha tumboni chenye machozi.

Mama alitoka jikoni. "Unamcheka yeye au unanicheka mimi?"

Baba alijifuta macho kwa ncha ya kilemba. "Sijui," alisema. "Wallahi sijui."

Nilidhani Mama ataudhika, lakini alikaa karibu naye, wakaangalia iliyobaki.

Ijumaa hiyo Baba alimwita Bimkubwa na wanawake wa mtaa waje watazame waziwazi, asiwepo mtu wa kunong'ona. Aliwaambia filamu ile ya mpishi ilichezwa wakati mke wake yuko Tabora, msichana wa skuli. Bimkubwa alisikiliza, akatazama, akasema, "Huenda. Lakini Mungu kamkopi mpaka mwanya?" Hakushawishika, na sidhani aliwahi kushawishika. Kilichomaliza maneno si ushahidi. Wanawake walimpenda yule bibi. Wiki iliyofuata walirudi wenyewe, wakiuliza kama ipo nyingine ya mpishi, na tangu hapo alasiri za Ijumaa zikawa za kanda, na kila mmoja akiwa na fasiri yake ya wanachosema.

Kisha kiongozi wa wageni akaomba picha ya Mama ampelekee mwigizaji mwenyewe, ambaye sasa alikuwa mkongwe katika nyumba ya kutunzia wazee. Baba aliridhia. Mama alikaa kwenye ukuta wa udongo wa kambi, mikono magotini, mtandio mweusi, bila kutabasamu, kwa kuwa hakutaka kuchekwa na huko pia.

Jibu lilikuja na kiongozi msimu wa baridi uliofuata. Yule bibi aliishika picha kwa muda mrefu, akauliza, "Hii ilikuwa filamu gani? Siikumbuki." Akaendelea kuitazama, akasema, "Kumbe walinipa na mimi nafasi ya kulia."

"Hukumwambia ni mimi?" Mama aliuliza.

"Sikuweza," kiongozi alisema. "Aliiweka ukutani karibu na kitanda."

Mama alituletea habari hiyo kama mtu aliyebebeshwa mzigo usio wake. Je, huo si uwongo, na yeye ameshiriki? Baba alisema ni ajuza aliyesahau, aachwe na furaha yake.

"Lakini mimi sikuwa nikilia pale," Mama alisema. "Nilikuwa nimekaa tu." Akaniletea nakala aliyopewa. "Nilikuwa na huzuni?"

Niliitazama picha. Nilitaka kusema hapana, nikaona siwezi kuapa. Nikamwambia jua lilikuwa kali.

Yule bibi alikufa nikiwa nasoma Nizwa, chuo cha ualimu. Nilirudi Ibra mwisho wa wiki nikamkuta Mama ameambiwa na kiongozi wa wageni. Alikuwa ameanza kusema inna lillahi, akajiuliza kama inamhusu mtu asiye wa dini yetu, kisha akaimaliza.

Wanawake walikuja Ijumaa kama kawaida, wakakuta televisheni imezimwa. Mama aliwaambia yule bibi amefariki. Halafu Bimkubwa, ambaye miguu ilikuwa imeshaanza kumsumbua, aliinuka kwa shida, akamwendea Mama, akampa mkono.

"Pole, mwanangu," alisema. "Mungu akupe subira."

Mama alinitazama, kisha akautazama ule mkono. Akaupokea. Wengine nao wakainuka, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alipofika mbele yake Mama alisema ahsante, nimeshapoa, kwa sauti ya mfiwa, na hakuna aliyecheka. Walipokwisha kukaa, aliniambia nilete kahawa.